Losheni kwa emalsifaya ya sukari: vipimo, joto na sababu za kujitenga

Ukitikisa maji na mafuta ya alizeti kwenye chupa utapata wingu jeupe, na kabla hujaiweka chupa mezani wingu limeshaanza kupasuka. Maji na mafuta yanahitaji mshenga: kiungo chenye upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kinachokaa mpakani na kuyazuia yasiachane. Watengenezaji wa vipodozi hukiita emalsifaya. Hapa tunashughulika na kundi moja tu, lile ambalo upande wake wa maji umetokana na sukari, na tutafika hadi kwenye losheni ya gramu 500 ambayo mtu mwenye mizani, kipimajoto na blenda ya mkono anaweza kuitengeneza jikoni.

Losheni nyingi za nyumbani zinazojitenga hazikuharibiwa na emalsifaya. Ziliharibiwa na joto la kukisia, mkono uliochoka kukoroga mapema, au kihifadhi kilichorukwa. Emalsifaya ya sukari haina hila, ila ina tabia moja ambayo usipoijua utaitupa losheni nzuri: haimalizi kazi siku ile ile.

Sukari ipi, na mkia upi

Sukari zinazotumika ni za namna tatu. Ya kwanza ni glukosi, inayotolewa kwenye wanga wa mahindi, ngano au viazi. Ya pili ni sorbitoli, ambayo ni glukosi iliyoongezewa haidrojeni. Ya tatu ni sukrosi, ile ile ya chai, kutoka kwenye miwa au viazisukari. Kila moja huungwa na mkia wa mafuta, mara nyingi kutoka kwenye nazi, mawese au zeituni, na urefu wa mkia huo ndio unaoamua kiungo kitafanya kazi gani.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Mkia mfupi, wenye kaboni 8 hadi 14, unatoa kiungo cha kuoshea. Desili glukosidi na koko glukosidi ziko hapa: zinatoa povu, ni nzuri kwenye shampuu na sabuni ya maji ya uso, lakini ukitegemea zifunge losheni utapata supu inayojitenga kabla ya jioni. Mkia mrefu, wenye kaboni 16 hadi 22, ndio unaofunga. Majina yanafanana mno, kwa hiyo soma jina lote kwenye lebo, usiishie kwenye neno glukosidi.

Kwa anayeanza, kiungo cha kununua ni mchanganyiko wa setearili alkoholi na setearili glukosidi. Lebo huandikwa Cetearyl Alcohol, Cetearyl Glucoside, na jina lake la biashara linalojulikana zaidi ni Montanov 68. Ni punje au vipande vya rangi ya maziwa, vigumu kama nta. Neno alkoholi lisikutishe: hii ni alkoholi nzito ya mafuta, haileweshi wala haikaushi ngozi kama spiriti. Inavumilia pH (kipimo cha uasidi) pana kwa sababu fundo linalounganisha sukari na mkia wake ni gumu kuvunjika.

Montanov 202 ni ndugu yake mwenye mkia mrefu zaidi, na losheni yake ni nyepesi zaidi mkononi, nzuri kwa ngozi yenye mafuta. Olivem 1000 inatoka upande wa sorbitoli na zeituni. Inatoa krimu nene yenye mguso wa kupendeza, ila ndiyo inayolalamikiwa zaidi kwa kuacha weupe, jambo tutakalolirudia. Sukrosi stearati ni laini sana kwa ngozi na hutumika hata kwenye vyakula, ambako namba yake ni E473. Fundo lake ni esta, na esta hukatika polepole pH ikiwa ya chini sana au ya juu sana, kwa hiyo iweke kati ya 4 na 8. Peke yake hutoa losheni nyembamba. Watengenezaji huipa mwenzake, kwa mfano setili alkoholi asilimia 2 au 3.

Utakutana pia na sorbitani stearati. Hii inapenda mafuta kuliko maji, ikiwa peke yake haitakufungia losheni ya maji, na kazi yake hasa ni kuwa msaidizi. Polisorbeti 20, 60 na 80 nazo zina asili ya sorbitoli, lakini zimeongezewa oksidi ya ethilini, kwa hiyo anayetafuta kiungo cha asili tupu asizihesabu kwenye kundi hili. Na nta ya nyuki, ambayo husifiwa sana kwenye mapishi ya mitandaoni, si emalsifaya. Inafanya mchanganyiko uwe mzito tu, na uzito huo unachelewesha kujitenga kwa siku chache.

Chapati ndani ya losheni

Mwaka 1949 William C. Griffin wa Marekani alitoa njia ya kuzipanga emalsifaya kwa namba, HLB, kuanzia 0 hadi 20. Namba ndogo, 3 hadi 6, inapenda mafuta. Kuanzia 8 kwenda juu inapenda maji. Sorbitani stearati ina 4.7. Ni kipimo chenye manufaa ukiwa unachanganya polisorbeti na sorbitani, lakini kwa glukosidi za mkia mrefu usipoteze usiku ukipiga hesabu za HLB. Nguvu yake haitoki huko.

Inatoka kwenye matabaka. Losheni inapopoa, emalsifaya na alkoholi yake nzito hujipanga tabaka juu ya tabaka, maji yakiwa yamebanwa katikati, kama chapati iliyopakwa mafuta, ikakunjwa na kusukumwa. Matabaka hayo huzunguka kila tone la mafuta na kutanda hadi kwenye maji yaliyo kati ya matone. Ndiyo yanayoipa losheni uzito wake, na ndiyo yanayoshikilia maji kwenye ngozi yasikauke upesi. Yanaanza kujengwa joto likishuka, na huendelea kukaza kwa saa 24 hadi 48. Kila sharti la upishi utakalolisoma hapa chini, kuhusu lini blenda iwekwe pembeni na kwa nini usiharakishe kupoza, linatokana na chapati hiyo.

Vipimo vya gramu 500

Vipimo vyote ni vya uzito. Kijiko na kikombe havifai, kwa sababu kijiko cha mafuta na kijiko cha glisirini havilingani uzito.

Sehemu ya maji:
- maji yaliyotoneshwa, gramu 371
- glisirini, gramu 20
- zanthani gamu (unga wa kuyafanya maji yawe mazito), gramu 1.5

Sehemu ya mafuta:
- Montanov 68, gramu 25
- mafuta ya alizeti, gramu 40
- mafuta ya mbegu za ubuyu, gramu 20
- siagi ya shea, gramu 15

Sehemu ya mwisho, ya kuongezwa ikiwa imepoa:
- kihifadhi cha fenoksietanoli na ethilihekzili glisirini, gramu 5
- vitamini E, gramu 1.5
- harufu, gramu 1, au iache na uongeze gramu 1 ya maji

Ukigawa kila namba kwa 5 utapata asilimia zake, na ukitaka kilo 1 zidisha kwa 2. Usijaribu gramu 50: blenda ya mkono haitazama vizuri, itavuta hewa, na utalaumu kiungo kisicho na hatia.

Maji yanunuliwe yakiwa yametoneshwa, kwenye duka la dawa au la vifaa vya maabara. Maji ya bomba yana klorini na madini, ya kisima yana chumvi. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yasitumike: hayatayarishwi kwa ajili ya ngozi, na kwenye rafu hukaa jirani na asidi ya betri kwenye chupa zinazofanana nayo.

Alizeti inaweza kubadilishwa na ufuta, gramu kwa gramu. Ubuyu ukiwa ghali, ongeza alizeti. Mafuta ya nyonyo yasizidi gramu 15 kwenye kipimo hiki, yananata. Nazi ina tabia ya kugeuka: inayeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, kwa hiyo losheni yenye nazi nyingi itakuwa laini Dar es Salaam na ngumu kiasi Nairobi mwezi Julai. Hilo si kasoro, ila mteja atauliza. Shea ya kaskazini mwa Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, inayeyuka upesi na haileti chembe kwa urahisi. Ukiipata, chukua hiyo.

Juisi mbichi ya mshubiri, maziwa, asali na maji ya mchele viache jikoni. Vinaleta wadudu na chakula chao kwa pamoja, na hakuna kihifadhi cha asilimia 1 kitakachoshinda vita hiyo.

Kwenye vifaa, mizani ya jikoni ya gramu 1 inatosha kwa maji na mafuta, lakini kwa zanthani, kihifadhi na vitamini E tafuta mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01. Kipimajoto kiwe cha kuchovya. Vyombo viwili viwe vya kioo kinachostahimili moto au chuma cha pua, wala si alumini. Osha kila kitu, kausha, pangusa kwa spiriti ya asilimia 70, na acha spiriti ikauke yenyewe bila kitambaa.

Kupika

Anza na zanthani, kwa sababu ikigusa maji ikiwa kavu inafanya madonge ambayo blenda haiyamalizi. Ikoroge ndani ya glisirini hadi iwe uji laini, kisha mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Acha dakika 10 ivimbe. Pima chombo na maji yake, andika uzito.

Kwenye chombo cha pili weka Montanov 68, mafuta na shea. Weka vyombo vyote viwili, vimefunikwa, kwenye sufuria pana yenye maji yanayofuka, moto mdogo. Usiviweke juu ya jiko moja kwa moja: mafuta yanapita nyuzi 100 kabla hujageuka, na ubuyu ukiungua harufu yake haitoki tena.

Vyote vifike nyuzi 75, vikae hapo dakika 20. Muda huo una kazi mbili: kuyeyusha kila punje ya emalsifaya na kila kipande cha shea, na kupunguza vijidudu kwenye maji. Aliye nyanda za juu asihofu. Hata Nairobi, ambako maji huchemka karibu nyuzi 94, nyuzi 75 zinapatikana bila shida. Mafuta yakiwa tayari yataonekana angavu kama mafuta ya taa, bila ukungu. Pima tena chombo cha maji. Kilichopungua ni mvuke, kirudishe kwa maji moto yaliyotoneshwa. Ukiruka hatua hii losheni itakuwa nzito kila mara kwa kiwango tofauti na hutajua kwa nini.

Hakikisha tofauti ya joto kati ya vyombo viwili haizidi nyuzi 5. Mafuta ya nyuzi 75 yakikutana na maji ya nyuzi 55, emalsifaya inaganda palepale kabla ya kufika mpakani, na utaona vipande vyeupe vikielea.

Tumbukiza blenda kwenye maji, iinamishe na uigonge kidogo hewa itoke chini ya kikombe chake, ndipo uiwashe. Mimina mafuta kwa mkondo mwembamba. Yakiisha, endelea sekunde 30 ukiwasha na sekunde 30 ukikoroga kwa blenda iliyozimwa, hadi upate jumla ya dakika 3 za kuwashwa. Kichwa cha blenda kisitoke juu ya losheni hata mara moja. Hewa ikiingia sasa hivi haitoki.

Utakachoona ni maziwa meupe, mepesi kama maziwa hasa. Wengi huingiwa na wasiwasi hapa wakaongeza emalsifaya. Usiongeze. Matabaka bado hayajaanza kujengwa.

Sasa weka blenda mezani, chukua mwiko wa silikoni, na koroga polepole ukikwangua kingo na chini. Joto likiwa bado juu ya nyuzi 60 unaweza kurudisha blenda mara moja kwa sekunde 20. Likishuka chini ya 55, blenda isirudi tena: matabaka yameanza kukaa, na visu vinavyokimbia vitayakata vipande. Losheni iliyokatwa hivyo inabaki nyembamba hata kesho. Kukoroga kwa mkono, kwa upande mwingine, kusisimame, kwa sababu kingo zinapoa kabla ya katikati na kutengeneza magamba.

Kwenye jiko la pwani lenye nyuzi 32 kupoa kunachosha. Weka chombo kwenye beseni la maji ya bomba ya kawaida. Barafu usitumie, inagandisha kingo upesi mno na kuleta chembe.

Ikifika chini ya nyuzi 40 ongeza kihifadhi, vitamini E na harufu, kimoja baada ya kingine, na koroga dakika 2 baada ya kila kimoja. Tukumbushane kwamba vitamini E si kihifadhi. Inachelewesha mafuta kuchacha, basi. Kuvu na bakteria haiwagusi. Mafuta ya kunukia ya mimea, mbegu za balungi na mkaratusi navyo havitoshi. Losheni ina maji asilimia 74, na maji hayo bila kihifadhi ni shamba.

pH

Chukua gramu 1 ya losheni, koroga kwenye gramu 9 za maji yaliyotoneshwa, chovya karatasi ya kupimia. Unataka 5 hadi 5.5. Ikiwa juu, andaa asidi ya sitriki gramu 10 kwenye maji gramu 90, tia matone matano, koroga, pima tena. Ikiwa chini, fanya hivyo hivyo kwa magadi soda yaliyoyeyushwa, kwa uangalifu zaidi.

Kihifadhi kilichotajwa hapo juu kinafanya kazi kwenye pH pana, ndiyo maana tumekichagua kwa anayeanza. Fenoksietanoli isizidi asilimia 1. Huo ndio ukomo wa Umoja wa Ulaya. Ukibadilisha kwenda sodiamu benzoati na potasiamu sorbati, pH lazima ishuke hadi 5 au chini yake, la sivyo umenunua chumvi tu.

Kujaza na kusubiri

Jaza chupa losheni ikiwa na nyuzi 35 hivi, bado inamiminika. Usifunge kifuniko mara moja. Mvuke utapanda, ugeuke matone chini ya kifuniko, na matone hayo hayana kihifadhi ndani yake. Kuvu wa kwanza huota pale. Funika kwa kitambaa safi hadi chupa iwe baridi kabisa, kisha ufunge. Chupa ya pampu ni bora kuliko kopo la mdomo mpana, kwa kuwa vidole havigusi kilichobaki.

Kisha subiri siku 2 kabla ya kuhukumu uzito wake. Ukipenda krimu badala ya losheni, safari ijayo toa gramu 10 za maji na uweke gramu 10 za setili alkoholi kwenye sehemu ya mafuta. Kuongeza Montanov 68 kupita asilimia 6 hakuna faida. Kunaleta uzito wa nta na weupe.

Inapokwenda vibaya

Kwanza jua kama kilichotokea ni kupanda au kuvunjika. Losheni ikipanda, matone ya mafuta yamejikusanya juu kama malai na maji meupe kubaki chini, lakini ukitikisa inarudi. Dawa yake ni kukoroga vizuri zaidi ikiwa moto, matone yawe madogo, na kupima zanthani sawasawa. Ikivunjika, mafuta angavu yanaelea na hakuna kutikisa kutakakoyarudisha. Hapo mara nyingi vyombo vilikuwa na joto tofauti, au mafuta yalizidi emalsifaya. Kwa mazoea, asilimia 5 ya Montanov 68 inabeba mafuta hadi asilimia 25. Ukipita hapo panda hadi 6.

Iliyovunjika siku hiyo hiyo inaokolewa. Ipashe kwenye maji moto hadi 75, ongeza gramu 5 za emalsifaya zilizoyeyushwa kwa kila gramu 500, blenda tena, poza kama mwanzo. Fenoksietanoli inavumilia joto hilo. Harufu itapotea, iongeze upya. Iliyovunjika baada ya wiki tatu kabatini usiihangaikie, itupe.

Chembe ndogo kama semolina, zinazoyeyuka ukisugua, ni shea iliyoganda taratibu au haikuyeyuka yote. Rudia ukihakikisha mafuta yalikaa nyuzi 75 kwa dakika 20 kamili. Chembe zisizoyeyuka ukisugua ni madonge ya zanthani, na hayo hayana dawa zaidi ya kuchuja.

Losheni iliyojaa mapovu madogo, nyepesi kwenye chupa kuliko ulivyotarajia, imemezeshwa hewa. Siku mbili tatu baadaye inashuka na mteja anadhani umempunja.

Kuhusu weupe tuseme zaidi, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa ngozi nyeupe ambayo jambo hili halionekani. Ukipaka losheni ya namna hii kwenye ngozi nyeusi na kusugua, mara nyingi hutokea michirizi kama povu la sabuni, inayokaa nusu dakika au zaidi kabla ya kuzama. Emalsifaya na alkoholi nzito zinakamata hewa na maji wakati wa kusugua na kutengeneza povu jipya juu ya ngozi. Punguza vyanzo vyake kwa mpangilio huu, kimoja kimoja, ili ujue kilichosaidia: shusha Montanov 68 kutoka asilimia 5 hadi 3.5 na mafuta hadi 12; ondoa setili alkoholi kama uliiweka; punguza glisirini hadi asilimia 3; badilisha nusu ya alizeti kwa mafuta mepesi yanayoteleza, kama skwalani (squalane). Dimethikoni, aina ya silikoni, ya asilimia 0.5 hadi 1 inaumaliza weupe karibu wote, na anayeikataa kwa sababu si ya asili ajue kwamba atalazimika kuvumilia michirizi kidogo. Montanov 202 nayo ni nafuu upande huu. Jaribu mkononi bila kujidanganya: paka gramu 1 kwenye mkono mzima, hesabu mara unazosugua hadi weupe ukatike. Zaidi ya 20 ni nyingi.

Kuna hitilafu ya ajabu, nadra lakini inachanganya akili: losheni imegeuka, maji yamo ndani ya mafuta badala ya mafuta kuwa ndani ya maji. Inahisi kama grisi. Dondosha tone kwenye glasi ya maji ukoroge. Losheni sahihi inatawanyika na kuyafanya maji kuwa meupe. Iliyogeuka inabaki donge linaloelea.

Jeli ya mafuta, bila moto

Emalsifaya za sukari zina mchezo mwingine usiohitaji jiko. Sukrosi laurati iliyoyeyushwa kwenye glisirini na maji kidogo huuzwa tayari, moja ya majina yake ikiwa Sucragel. Weka gramu 20 kwenye bakuli, kisha ongeza gramu 80 za mafuta ya alizeti, mwanzoni tone kwa tone, ukikoroga bila kusimama. Kama unavyotengeneza mayonezi. Mafuta yanageuka jeli nzito inayopitisha mwanga. Ukiipaka usoni na kuilowesha inakuwa maziwa, inabeba vipodozi na krimu ya kinga ya jua ya mchana, na kusuuzika bila sabuni. Ukiharakisha matone ya mwanzo itakatika na kuwa maji, na hapo anza upya na gramu nyingine 20, ukiirudishia iliyokatika tone kwa tone. Mikono yenye maji isiingie kwenye kopo.

Kabla ya kumpa mtu mwingine

Weka chupa moja mahali penye nyuzi 40 hadi 45 kwa wiki nne. Gari lililofungwa juani Mombasa litapita hapo, kwa hiyo tumia sanduku lenye taa ndogo na kipimajoto. Nyingine iweke kwenye friza saa 24, itoe saa 24, mara tatu. Ya tatu ibaki kabatini, na usiifungue. Linganisha rangi, harufu, uzito na pH. pH inayoshuka wiki baada ya wiki ni dalili kwamba kuna esta inayokatika au kuna kiumbe anayekula ndani.

Usiongeze zinki oksaidi ukaiita kinga ya jua. Kinga hupimwa maabara, na unga uliokusanyika kwenye donge moja unaacha sehemu kubwa ya ngozi wazi bila macho kuona. Krimu za kung'arisha za dukani pia usizichanganye humu.

Anayekusudia kuuza Tanzania ataanzia TBS, shirika la viwango, ambako usajili wa vipodozi ulihamia mwaka 2019 kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa. Kenya ni KEBS, shirika la viwango la huko. Kipimo cha vijidudu cha maabara utakihitaji kwa vyovyote, kwa sababu losheni yenye bakteria inaweza kuonekana na kunukia vizuri kwa miezi. Kwenye lebo andika tarehe ya kutengeneza na namba ya toleo, na kwenye daftari, mbele ya namba hiyo, andika joto la kumimina, dakika za blenda, joto ulipoacha kukoroga na pH ya mwisho.